Kupanga safu za diski na diski mantiki kwenye kontrola ya RAID ya seva

Diski ya seva itakufa. Huenda ni mwakani, huenda ni baada ya miaka sita, lakini siku hiyo ipo, na haitakuuliza kama uko kazini. Kazi yote ya kupanga RAID, yaani mbinu ya kufanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ni maandalizi ya siku hiyo: watumiaji waendelee na shughuli zao bila kujua lolote, wewe au mwenzako mje mchomoe diski mbovu, mchomeke nzima, basi. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini nimeupima kwa swali moja: diski ikifa, kitatokea nini?

Mfano wetu ni HP ProLiant DL380 Gen9 yenye kontrola (kifaa kinachosimamia diski) ya Smart Array P440ar na nafasi nane za diski za inchi 2.5 upande wa mbele. Nafasi ya 1 na ya 2 zina diski za SAS (aina ya diski za seva) za GB 300. Sita zilizobaki ni SAS za TB 1.2. Kama unayo Gen8 yenye P420i, au Gen10 yenye P408i-a, utaratibu ni ule ule. Kinachobadilika ni kibonye cha kuingilia na sura ya menyu.

Tabaka tatu

Chini kabisa kuna diski halisi, kile kifaa unachokishika mkononi. Juu yake kuna safu, yaani kundi la diski halisi ulizoiambia kontrola izitumie pamoja. Juu ya safu kuna diski mantiki: kipande cha nafasi kinachokatwa kutoka kwenye safu na kupewa kiwango chake cha RAID. Windows Server, Linux au VMware haioni diski halisi hata moja. Inaona diski mantiki tu, na inaichukulia kuwa diski ya kawaida.

Safu moja inaweza kubeba diski mantiki kadhaa, na kwenye Smart Array zinaweza hata kuwa na viwango tofauti vya RAID. Lakini zote zimekalia diski zile zile. Diski halisi moja ikifa, kila diski mantiki ya safu hiyo inaguswa, na safu ya jirani inabaki salama. Ndiyo sababu mfumo endeshi naupa safu yake peke yake, na data safu yake.

Kama diski zako ni chache na zote za aina moja, unaweza kuunda safu moja na kuikata mara mbili: diski mantiki ndogo ya mfumo endeshi, na kubwa ya data. Faida yake utaiona siku utakapolazimika kusakinisha mfumo upya, maana data hutaigusa. Kuna sababu nyingine pia. Mashine inayowaka kwa BIOS ya zamani hutumia mpangilio wa MBR, ambao hauwezi kuona zaidi ya TB 2 kwenye diski moja. Diski mantiki ya kuwashia ikizidi hapo, itakubidi uhamie UEFI na GPT, warithi wa BIOS na MBR.

Kanuni mbili za kuchanganya. SAS na SATA hazikai safu moja, wala SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) haikai pamoja na diski za sahani zinazozunguka. Na ukichanganya ukubwa tofauti, kontrola itazihesabu zote kwa ukubwa wa ile ndogo kuliko zote, nafasi ya ziada ibaki bure.

Hatua ya 1: Amua kiwango cha RAID ukiwa na karatasi na kalamu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kubonyeza menyu ni dakika chache, lakini uamuzi mbaya wa hapa utaishi nao kwa miaka, kwa sababu kubadilisha kiwango cha RAID seva ikiwa imejaa data ni kazi ya saa nyingi na ya hatari.

RAID 0 haina kinga yoyote: diski moja ikifa, kila kitu kimekwenda. Sitaitaja tena. RAID 1 inaandika data ile ile kwenye diski mbili, na inautosha kabisa mfumo endeshi. Kwa hiyo GB 300 zile mbili zina jibu lao tayari.

Mjadala uko kwenye data. RAID 5 inahitaji diski tatu au zaidi, inakula nafasi ya diski moja, na inastahimili kifo cha moja. RAID 6 inaanzia diski nne, inakula nafasi ya mbili, na inastahimili vifo viwili, hata vikitokea kwa wakati mmoja. RAID 10 inazipanga diski mbili mbili kama pacha na kula nusu ya nafasi yote. Ikifa moja, unaendelea. Ikifa ya pili, inategemea: kama ni pacha wa ile ya kwanza, data imekwenda, kama ni ya jozi nyingine, bado uko hai.

Watu wengi huchagua RAID 5 kwa sababu inaacha nafasi kubwa. Kwa diski kubwa siishauri, na sababu ni hii. Diski moja ikifa, kontrola inalazimika kusoma diski zote zilizobaki, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili ijenge upya ile iliyopotea. Diski ya TB 4 ikijengwa kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa 11, tena seva ikiwa haina mzigo. Asubuhi watumiaji wakiingia, muda huo unarefuka sana. Saa zote hizo RAID 5 haina kinga, na diski zinazosomwa kwa nguvu namna hiyo ni zile zilizonunuliwa siku moja na ile iliyokufa na kuzunguka saa zile zile. Diski nyingi za SATA za kompyuta za kawaida watengenezaji wake hukadiria kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, sawa na TB 12.5. Ukijenga upya safu ya diski kama hizo, uwezekano wa kukutana na kosa hilo njiani ni mkubwa. RAID 6 inakubakizia kinga wakati wa kujenga upya, na ndio wakati unaoihitaji zaidi.

Upande wa pili ni kasi ya kuandika. Andiko dogo moja kwenye RAID 10 ni shughuli mbili za diski. Kwenye RAID 5 ni nne, kwa sababu kontrola inasoma data ya zamani na pariti ya zamani (hesabu inayotumika kuirudisha data ya diski iliyokufa), kisha inaandika zote mbili upya. Kwenye RAID 6 ni sita. Seva ya mafaili haitalisikia hilo sana. Hifadhidata ya mauzo inayoandika muda wote, au seva yenye mashine pepe nyingi, italisikia.

Turudi kwenye diski zetu sita za TB 1.2. Zote sita zikiwa RAID 6 unapata TB 4.8, bila diski ya akiba, yaani diski inayosubiri kushika nafasi ya itakayokufa. Tano zikiwa RAID 6 na moja ikawa akiba, unapata TB 3.6. Zote sita zikiwa RAID 10, unapata TB 3.6 pia. Kama ni mafaili na nyaraka, chagua tano na akiba moja. Kama ni hifadhidata, chagua RAID 10 na uweke diski moja ya akiba kabatini. Mwongozo huu unaendelea na mpango wa RAID 6.

Usishtuke ukiona TB 3.6 zimeonekana kama 3.27 hivi. Mtengenezaji wa diski anahesabu kwa makumi, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Hakuna kilichopotea.

Hatua ya 2: Kagua mashine kabla ya kuunda chochote

Kama diski zimewahi kutumika, hakikisha hakuna anayezihitaji data zake. Kuunda safu mpya kunafuta njia ya kuifikia data ya zamani, na kitufe cha Clear Configuration kinafuta mipangilio yote ya kontrola kwa mkupuo mmoja. Seva za mtumba mara nyingi huja na safu za mwenye mashine wa kwanza. Zifute moja moja, ukisoma kila onyo.

Tazama hali ya kontrola. P440ar inaweza kuwa imewekwa kwenye hali ya HBA, ambapo inapitisha diski moja kwa moja kwa mfumo endeshi bila RAID. Ukikosa kabisa chaguo la kuunda safu, sababu mara nyingi ni hiyo. Irudishe kwenye hali ya RAID, kisha uiwashe seva upya.

Kisha sasisha programu dhibiti (firmware) ya kontrola na ya diski zenyewe. Hili watu hulipuuza. Novemba 2019 HPE, kampuni ya seva hizi za ProLiant, iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya SSD zake za SAS, zikiwa na programu dhibiti ya kabla ya toleo HPD8, zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Machi 2020 likaja tangazo jingine la SSD za aina nyingine ambazo zingekufa kwenye saa 40,000. Data iliyokuwa ndani isingeokolewa. Sasa fikiria safu ya SSD sita zilizochomekwa asubuhi moja: zote zinafikisha saa hiyo pamoja. RAID 6 ingesaidia nini hapo?

Na hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo nitalisema mara moja tu, lakini kwa uzito wote: RAID si bekapu. Inakukinga na kifo cha diski. Mfanyakazi akifuta folda, virusi vya kudai fidia vikifunga mafaili, seva ikiibiwa au chumba kikiungua, RAID itakutii kwa uaminifu na kupoteza data kwenye diski zote kwa pamoja. Panga bekapu ya nje ya mashine kabla hujaweka data.

Hatua ya 3: Unda safu na diski mantiki

Washa seva na ubonyeze F10 kuingia Intelligent Provisioning, kisha Perform Maintenance, kisha ufungue Smart Storage Administrator. Kwenye Gen8 unaweza pia kubonyeza F8 kontrola inapojitambulisha wakati wa kuwaka. Itafunguka ORCA, menyu ya maandishi ambayo ina mambo machache lakini inatosha kwa RAID 1 ya haraka.

Upande wa kushoto chagua Smart Array P440ar, bonyeza Configure, kisha Create Array. Utaona orodha ya diski ambazo hazijagawiwa, kila moja na nambari ya nafasi yake. Soma nambari hizo kwa makini. Weka alama kwenye Bay 1 na Bay 2 tu, bonyeza Create Array.

Ukurasa unaofuata ni wa diski mantiki. Chagua RAID 1. Strip Size iache ilivyo. Ni watu wachache wenye kazi inayodai kuibadilisha, na wakiwa na kazi hiyo wanajua. Size chagua Maximum. Caching iwe Enabled. Bonyeza Create Logical Drive, kisha Finish. Safu A imekamilika.

Rudia kwa Bay 3 hadi Bay 7, safari hii ukichagua RAID 6. Hiyo ndiyo safu B. Bay 8 usiiguse. Kwenye RAID 5 na 6 utaulizwa namna ya kuandaa pariti. Njia ya kawaida inafanyika kimyakimya nyuma ya pazia na diski mantiki inatumika mara moja, ila uandishi unakuwa mzito hadi kazi iishe. Njia ya Rapid ni ya haraka zaidi lakini diski mantiki haitumiki hadi imalize. Kama huna mtu anayekusukuma, chagua Rapid na ukanywe chai.

Maliza kwa kuchagua Set Bootable Logical Drive/Volume na kuiteua diski mantiki ya safu A. Hatua hii ikirukwa, mtu anasakinisha mfumo vizuri, anawasha upya, na seva haiwaki.

Kama seva tayari inaendesha Linux, yote haya yanafanyika kwa ssacli, programu ya amri ya kontrola hizi, bila kuizima:

`ssacli ctrl slot=0 pd all show`

`ssacli ctrl slot=0 create type=ld drives=1I:1:3,1I:1:4,2I:1:5,2I:1:6,2I:1:7 raid=6`

Namba kama 2I:1:5 inasoma hivi: tundu la kontrola 2I, kasha la 1, nafasi ya 5. Usinakili zangu. Amri ya kwanza itakuonyesha zako, na kwenye mashine nyingine namba ya kasha huwa tofauti. Kwa RAID 10 andika raid=1+0.

Hatua ya 4: Diski ya akiba

Chagua safu B, kisha Manage Spare Drives. Kuna aina mbili. Dedicated inashika nafasi ya diski iliyokufa kwa muda; ukileta mpya, data inarudi kwenye nafasi ya asili na akiba inarudi kusubiri. Auto Replace inachukua nafasi ile moja kwa moja na kuwa mwanachama wa kudumu. Mimi huchagua Dedicated, kwa sababu mpango ulioandikwa kwenye karatasi unabaki kuwa kweli: Bay 8 ni akiba leo, na mwaka kesho bado ni akiba. Kwa amri:

`ssacli ctrl slot=0 array B add spares=2I:1:8`

Kisha ongeza hii, ili akiba ianze kazi diski inapotoa dalili za kufa, bila kungoja ife:

`ssacli ctrl slot=0 modify spareactivationmode=predictive`

Hatua ya 5: Kashe na betri

P440ar ina kashe (kumbukumbu ya haraka) ya GB 2. Data ya kuandika inapokelewa hapo kwanza, mfumo unaambiwa imeandikwa, kisha kontrola inaipeleka kwenye diski kwa mpangilio mzuri. Ndiyo inayofanya RAID 6 ivumilike. Lakini umeme ukikatika, kilichomo kwenye kashe bado hakijafika kwenye diski. Hapo betri inaipa kontrola nguvu ya kuhamishia data hiyo kwenye kumbukumbu ya flashi, na umeme ukirudi inaimalizia. Gen9 inatumia betri moja inayokaa ndani ya mashine kwa kazi hii.

Kwenye miji yetu, ambako umeme unakatika na jenereta inachelewa, betri hii si ya kupuuzwa. Itazame:

`ssacli ctrl slot=0 show status`

Kontrola, kashe na betri vyote visomeke OK. Kashe ikisoma Temporarily Disabled kwenye mashine iliyokaa stoo, mara nyingi betri inajaza chaji, ipe muda. Ikibaki hivyo, au betri ikisoma Failed, inunue mpya. Kuna chaguo la kulazimisha kashe ya kuandika ifanye kazi bila betri. Liache. Unaongeza kasi kwa kuweka rehani data ya watu kila umeme unapokatika. Kashe ya diski zenyewe nayo iache imezimwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa safu za SSD mambo ni tofauti kidogo: Smart Array ina SSD Smart Path inayopita kando ya kashe, na huwezi kuviwasha vyote viwili kwa safu moja. Kwa kazi ya kusoma zaidi, tumia Smart Path.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kuweka data

Sakinisha mfumo endeshi, weka mafaili ya majaribio kwenye diski mantiki ya data, kisha chomoa diski moja ya safu B seva ikiwa inawaka. Mafaili yaendelee kusomeka. Taa ya Bay 8 itaanza kumeta kijani, akiba imeamka. Subiri nusu dakika sahani zitulie, rudisha diski uliyoichomoa, na ufuatilie:

`ssacli ctrl slot=0 ld all show status`

Andika ilichukua saa ngapi. Huo ndio muda utakaomwambia bosi siku ya kweli. Na hakikisha tahadhari inakufikia: kama mtu hajui kwamba diski imekufa, RAID 6 itasubiri ya pili, kisha ya tatu. Weka amri hiyo hiyo kwenye cron (kiratibu cha kazi cha Linux), ikutumie barua pepe neno OK linapokosekana.

Siku yenyewe

Kosa linaloua safu ni kuchomoa diski nzima ukidhani ndiyo mbovu. Kibebea diski cha Gen8 na Gen9 kimetengenezwa kikusaidie. Taa ya hali ikiwa kijani isiyometa, diski ni mwanachama mzima wa safu. Kijani inayometa, inajengwa upya. Ikibadilishana kijani na rangi ya kaharabu, bado inafanya kazi lakini inatabiriwa kufa. Kaharabu isiyometa, imekufa. Halafu kuna taa nyeupe kwenye kitufe cha kuchomolea: ikiwaka, diski hiyo haichomolewi kwa hali yoyote, maana ukiichomoa diski mantiki inaanguka. Mfundishe taa hii hata mlinzi wa chumba cha seva.

Kabla ya kugusa, washa taa ya bluu ya kuitambulisha diski ukiwa bado kwenye kompyuta, ili aliye mbele ya mashine aione:

`ssacli ctrl slot=0 pd 2I:1:6 modify led=on`

Diski mpya iwe ya aina ile ile, SAS kwa SAS, na ukubwa usiopungua. Ichomeke mashine ikiwa inawaka. Huhitaji kubonyeza chochote. Kontrola itaanza kujenga yenyewe. Diski nyingine usiiguse hadi diski mantiki isome OK. Kama mbili zina dalili mbaya, badilisha moja, subiri imalize kabisa, ndipo uguse ya pili.

Mwisho, hifadhi mpangilio wote kwenye faili na uliweke nje ya seva hiyo:

`ssacli ctrl all show config detail > mpangilio-raid.txt`

Lichapishe pia. Karatasi iandikwe namba ya kila nafasi, safu yake, kiwango cha RAID, ukubwa wa diski na mahali ilipo diski ya akiba ya kabatini, kisha ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la seva.